Masikio ya Baba

Muheza, Jumapili jioni

Mpenzi Mwajuma,

Salamu nyingi. Hatujambo, mama Saidi kajifungua salama, mengine tukionana. Kimya changu tangu Idi ni masikio ya Baba.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kwamba ananipuuza? Namwambia, "Baba, taa imezimika," ananijibu, "Saa nne kasoro." Nimempandishia sauti mzee wa watu mwaka mzima! Jumatano nikampeleka kupimwa. Alivishwa hedifoni kwenye kichumba kisichopitisha sauti, abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Nilikuwa upande wa pili wa kioo. Mlio unapigwa, Baba katulia, kidole juu ya kitufe, anasubiri. Nikainamisha macho.

Karatasi ya majibu ninayo hapa. Viduara vyekundu ni sikio la kulia, X za bluu la kushoto. Alama ikishuka, ujue sauti imebidi iongezwe. Kwenye sauti nene, hezi 500 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), anaanza kusikia kwenye desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa sauti), sawa na sisi. Kwenye nyembamba, hezi 4000, anaporomoka hadi 65. Sauti nyembamba kama s, t, f na k zinampotea. Irabu anazipata, ila ni taa, saa au kaa, hapo anabahatisha. Hakuwa ananipuuza, Mwajuma.

Hamisi anang'ang'ania ni uchafu, atiwe mafuta ya nazi. Nimekataa. Walimwekea kidude kwenye mfupa nyuma ya sikio, kinachofikisha sauti ndani bila kupitia tundu wala ngoma. Ingekuwa uchafu, au ngoma imetoboka, kwa njia ya mfupa angesikia vizuri. Wapi! Mistari yote, ya hedifoni na ya mfupa, inashuka pamoja. Tatizo liko sikio la ndani, na huko hakuzibuliwi. Mtaalamu alipoliona lile bonde la 4000, ambalo mara nyingi huletwa na kelele, akauliza mzee alikuwa akifanya kazi gani. Miaka 27 kwenye mashine ya mkonge, bila kinga yoyote ya masikio.

Ameshauriwa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Mama yako anavaa masikio yote mawili au moja? Alichukua muda gani kuzoea? Betri mnanunua wapi, na hudumu siku ngapi? Nikija naye Dar mwezi ujao, tutafikia kwako? Na yule shangazi yako wa Temeke, alivua chake kwa sababu gani hasa? Niambie ukweli wote, maana Baba ameshaanza kuniuliza kama atasikia adhana tena akiwa barazani.

Wako,
Rukia