Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Moto wa Juu ya Msitu na Maji ya Mifongo Yetu

Ndugu wanajumuiya, wazee wetu, akina mama, vijana, na wajumbe wa mifongo yote, yaani mitaro yetu ya asili ya kumwagilia, kuanzia ukingo wa msitu hadi tambarare,

Nawashukuru kwa kufika kwa wingi. Mweka hazina atawasomea mapato na matumizi, na katibu ana orodha ya vibali vya maji vinavyokaribia kwisha muda wake. Mimi naomba muda wangu mwingi niutumie kwa jambo moja, ambalo kamati yenu inaamini ndilo litakaloamua iwapo watoto wetu watarithi mifongo yenye maji au mitaro mikavu. Jambo hilo ni moto unaounguza ukanda wa juu ya msitu wa Kilimanjaro.

Tumezoea kuutazama mlima asubuhi na kuisoma theluji ya kilele cha Kibo. Barafu ikipungua tunasema maji yanakwisha. Barafu inapungua kweli, na inauma kuiona. Hata hivyo, maji ya mito yetu ya upande wa kusini kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu, yanatoka msituni. Mvua nyingi kuliko zote hunyesha katikati ya msitu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200. Juu zaidi kuna ukanda wa miti ya erika, yenye majani membamba na ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi. Mliowahi kupita huko mnajua: ukungu ukishuka, nguo zinalowa bila tone la mvua kuanguka. Majani na ndevu zile hunasa ukungu na kuudondosha chini, mchana na usiku, na maji hayo ndiyo yanayozama ardhini na kutokea kwenye chemchemi zetu wakati wa kiangazi.

Mtafiti Andreas Hemp, ambaye ameisoma mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeusogeza mpaka wa juu wa msitu kushuka chini kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970, na kwamba maji tunayopoteza kwa kukosa msitu ule ni mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu. Erika ikiungua mara moja huchipua. Ikiungua tena kabla haijakua, na tena, panabaki vichaka vya kimo cha goti na nyasi. Kichaka cha namna hiyo hakinasi ukungu kama mti mzima. Ndiyo maana nasema moto unaowaka huko juu, mbali na vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa, unatuhusu sisi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Oktoba 2020 hakuna aliyeusahau. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, kwenye njia ya wapanda mlima kutoka kambi ya Mandara kwenda kambi ya Horombo, ukaendelea kwa zaidi ya wiki, na eneo lililoungua lilifikia kilomita za mraba 95 hivi. Wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, askari wa hifadhi na mamia ya wananchi walipanda kuuzima. Miaka miwili baadaye, Oktoba tena, moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga. Angalieni mwezi. Ni mwisho wa kiangazi kirefu, nyasi zimekauka, upepo ni mkali na vuli bado haijafika. Tunajua hatari inakuja lini, na bado kila mwaka tunangoja tuone moshi ndipo tuanze kutafutana kwa simu. Kamati inataka tabia hiyo ikome.

Mwaka huu vijana wetu walishiriki kuzima moto mdogo juu ya msitu, na naomba niwaeleze walichokikuta, kwa sababu wengi tunadhani kuzima moto ni kupiga ndimi kwa matawi mabichi. Matawi yanafaa kwa nyasi. Kule juu ardhi yenyewe ni nyeusi, imejaa mizizi na majani yaliyooza kwa miaka mingi, na moto huingia humo ukatambaa chini kwa chini. Juu panaonekana pamepoa, hakuna mwali, hakuna moshi. Ukipitisha kiganja karibu na ardhi unahisi joto, na jembe likizama unakuta makaa mekundu kwa urefu wa mkono. Vijana waliuzima jioni wakashuka, kesho yake upepo ukaamka na moto ukatokea hatua chache nje ya eneo lililoungua. Ilibidi wachimbe mtaro kuzunguka pale pote, wakate mizizi mpaka wafike kwenye udongo usio na uozo, na wengine walale hukohuko kulinda. Walifanya kazi hiyo kwa majembe ya nyumbani, baadhi yao wakiwa na ndala. Nawapongeza kwa moyo wote, lakini sitaki kuwaona wakipanda tena hivyo.

Kuhusu chanzo cha moto, naomba tuwe wakweli. Wapo wapagazi na wasafiri wanaopika mahali pasipoandaliwa. Wapo wachoma mkaa. Wapo wanaosafisha mashamba kwa moto kwenye mpaka wa msitu na kuuacha ukiwaka. Na wapo walina asali, ambao ni ndugu zetu na wengine wamekaa nasi hapa leo. Mlina asali anayepanda na kijinga cha moto usiku, akakiangusha kwenye nyasi kavu, hakukusudia kuunguza mlima. Kumkamata peke yake hakutaleta suluhisho. Akipata mizinga ya kisasa iliyotundikwa kwenye shamba lake, mavazi ya kujikinga na bomba la moshi, hana sababu ya kubeba kijinga. Mwaka huu tumeanza na kikundi kimoja cha walina asali, na kikundi hicho hicho ndicho kilichotupa taarifa ya kwanza ya ule moto niliousema. Watu wanaoujua msitu usiku ni walinzi wazuri kuliko wote tukiwaweka upande wetu.

Wazee watanikumbusha habari za Nusu Maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji vyetu. Ukanda ule ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo bila kuingia msitu wa ndani, na kwa miaka mingi wananchi wenyewe waliulinda kwa sababu ulikuwa wao. Tangu msitu mzima ulipounganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, utaratibu umebadilika. Mama anayehitaji mzigo wa kuni amebaki na maswali mengi, na malalamiko hayo nimeyasikia katika kila mkutano wa kitongoji. Msimamo wangu ni kwamba mpaka tuuheshimu, na wakati huohuo tuendelee kuomba mazungumzo rasmi kuhusu ukanda huo. Tukifika mezani tukiwa na rekodi ya doria zetu na moto tuliozima, tutasikilizwa vizuri zaidi kuliko tukienda na manung'uniko. Na kuni tuzipande vihambani. Migrevilea na mringaringa vinakua na kahawa na migomba bila ugomvi.

Wanyamapori nitawataja kwa kifupi. Malalamiko ya kima na nguruwe pori kwenye mahindi yameongezeka, hasa pale mashamba yalipogusana na msitu. Toeni taarifa ofisi ya kijiji siku hiyohiyo, maana uharibifu ambao haukuandikwa hauwezi kufuatiliwa. Kutega nyaya si jibu. Waya wa nguruwe humnasa minde pia, na minde, mnyama mdogo wa jamii ya swala, ni mnyama asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania. Katika makorongo ya mlima huu umepimwa pia mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Vijana wengi wa hapa hawajui hilo, na ningependa walimu wetu walifundishe darasani.

Sasa maji yenyewe. Kugombania zamu kumepungua kwenye mifongo iliyojengewa banio la zege, yaani kizuizi cha kuingizia maji mfongoni, na lango lenye kufuli. Kwenye mifongo inayozibwa kwa magogo ya migomba na viroba vya udongo, hali ni ileile: maji mengi yanavuja njiani, mwenye shamba la mwisho anapata matope, na usiku mtu anakwenda kuhamisha viroba. Wajumbe wa tambarare wamelisema hili kwa uchungu, na wana haki. Maji yakitoka kwetu yanakwenda kwenye mpunga na miwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua samaki na umeme unazalishwa, yanateremka Mto Pangani hadi mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kufika baharini. Mfongo unaoachwa wazi usiku kucha ukimwagilia njia unawanyima watu hao wote.

Kingo za mito nazo zimerudi kulimwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kudumu. Najua vihamba vyetu ni vidogo na vimegawanywa kwa vizazi, na kwa mtu mwenye nusu eka mita 60 ni shamba zima. Kwa hiyo kamati haijaanza na bomoabomoa wala faini. Tumeanza na mikaratusi iliyo karibu na chemchemi: wenye miti wamekubali kuikata wauze, na mahali pake tumeotesha msesewe na mikuyu. Wengine bado hawajakubali. Tutawarudia.

Naleta kwenu maombi matatu, myajadili na kuyapigia kura leo. La kwanza, kila mfongo utoe vijana wa zamu ya moto kuanzia Agosti hadi vuli ianze, na jumuiya iwanunulie buti, majembe, mapanga na simu za upepo kabla ya kitu kingine chochote katika bajeti. La pili, mifongo yote ifungwe saa moja jioni hadi alfajiri miezi ya kiangazi, na funguo za malango zikae kwa mtu atakayechaguliwa na watumiaji wa juu na wa chini kwa pamoja. La tatu, mizinga ya kisasa kwa vikundi viwili zaidi vya walina asali. Bajeti haitoshi kwa buti na mabanio mapya kwa mwaka mmoja. Kamati imependekeza buti kwanza. Mkiona tofauti, semeni sasa, kabla katibu hajagawa karatasi za kura.