Mwanangu, dhahabu ya Ouro Preto ilichimbwa na wajuzi

Mwanangu mpendwa,

Tumefurahi kusikia umefika salama Ouro Preto, Brazil. Kabla wahadhiri hawajakujaza hesabu za miamba, kuna jambo nataka ulijue.

Dhahabu ya milima hiyo iligunduliwa miaka ya 1690, na mwaka 1711 mji ukapewa jina Vila Rica. Waliochimba ni watumwa kutoka Afrika. Usikubali mtu akuambie walipelekwa kwa sababu ya misuli tu. Wenye machimbo waliwatafuta hasa watu wa Pwani ya Mina, Afrika Magharibi, kwa kuwa walisifika kuijua dhahabu. Yaani mtu ananunuliwa kwa ujuzi wake, halafu anaitwa mshenzi!

Wewe umekulia Geita, mwalo wa kuoshea dhahabu unaujua. Huko Ouro Preto walitandika ngozi ya ng'ombe, manyoya juu, wakapitisha mchanga na maji ili dhahabu inase. Ngozi ikakung'utwa, na kilichobaki kikaoshwa kwenye bateia, sinia la mbao lenye kina katikati. Waoshaji walishinda wamesimama mtoni, na maji ya milimani hayana huruma.

Mfalme wa Ureno, aliyeitawala Brazil wakati huo, alichukua sehemu moja ya tano ya dhahabu. Kuanzia miaka ya 1750 akadai kilo kama 1,500 kila mwaka, ipatikane isipatikane. Dhahabu ikapungua, deni likapanda, na mwaka 1789 wakubwa wa mji wakapanga kuasi. Tiradentes, mmoja wa waliopanga, alinyongwa 1792, kichwa chake kikatundikwa Vila Rica, na leo uwanja mkuu wa mji una jina lake. Watakuambia ni shujaa wa uhuru, nami sibishi. Ila baadhi ya wenzake walimiliki watumwa, na utumwa Brazil ulikomeshwa 1888, miaka 96 baadaye.

Utasikia pia habari za Chico Rei, mfalme wa Kongo aliyejikomboa kwa dhahabu. Ni simulizi, ushahidi wake haba, lakini kanisa la Santa Efigênia wanalomhusisha nalo lipo, na lilijengwa na chama cha waumini weusi.

Ukipata nafasi nenda Casa dos Contos, iliyokuwa nyumba ya mkusanya kodi. Usiishie juu kwenye maonyesho ya sarafu. Shuka chini, walikolala watumwa. Uniandikie ulichokiona huko.

Hela ya matumizi tutatuma mwisho wa mwezi. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako