Mjomba, lile paa la kioo ungelionaje?

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu tulibishana hadharani. Ulisema mbele ya watu wote kwamba jengo la kale likiongezewa kitu kipya, sharti kifanane nalo, la sivyo ni kuliharibu. Siku ile nilikosa jibu. Nimelipata Lyon, Ufaransa, kwenye jumba la opera.

Kwa mbele ungelipenda. Ni kuta za mawe za mwaka 1831, zenye matao yaliyojipanga, na juu yake sanamu za Muza, miungu wa kike wa sanaa wa Wagiriki wa kale. Nilizihesabu: nane. Muza ni tisa. Aliyeachwa ni Urania, wa elimu ya nyota. Ukiinua macho zaidi, nyuma yao limechomoza paa la chuma na kioo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu likalazwa kifudifudi.

Msanifu ni Jean Nouvel, na kazi ilikamilika mwaka 1993. Jumba limebanwa na mitaa, halina pa kutanukia. Basi akabakiza kuta za nje na ukumbi wa mapumziko wenye nakshi za dhahabu, akatoa vingine vyote vya ndani, akachimba orofa tano chini na kupandisha lile pipa juu. Nafasi ikawa kama mara tatu ya ile ya awali. Wacheza baleti hufanyia mazoezi huko juu, ndani ya kioo.

Ndani ni weusi mtupu, Mjomba. Kwenye ngazi nilitangulia kupapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, na hilo sikulipenda. Ukumbi wa zamani wa maonyesho uliobomolewa pia unaniuma, haurudi tena. Lakini nilipotoka kwenye giza lile na kuingia penye dhahabu, nilisimama mlangoni. Kila jani la nakshi lilionekana. Nimewahi kupita kwenye kumbi za dhahabu tupu nisione kitu. Na lau Nouvel angeiga matao ya kale hadi juu, ningejuaje mkono wa waashi wa 1831 umeishia wapi?

Usiku nilirudi nje. Paa lilikuwa limewaka taa nyekundu, na wale Muza wanane wamesimama mbele yake. Nilikaa hadi baridi ikanifukuza. Goti lako likipona, nataka twende wote, ulitazame mwenyewe ndipo tubishane upya.