Bei ya kifua cha jezi ipimwe kwa haki

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa za michezo imekuwa ikirudiwa hoja kwamba mdhamini wa jezi katika Ligi Kuu ya Uingereza ni mfanyabiashara huru, kwa hiyo alipe kiasi anachotaka na asiulizwe. Naomba nafasi niipinge hoja hiyo, kwa sababu chini ya kanuni zilizoiongoza ligi ile kwa zaidi ya miaka kumi, mapato ya udhamini yamekuwa na sauti kubwa katika kuamua nani asajili kwa uhuru na nani apokwe pointi.

Kanuni yenyewe haikuwa ngumu kueleweka. Klabu iliyodumu Ligi Kuu haikuruhusiwa kupata hasara inayozidi pauni milioni 105 katika miaka mitatu, baada ya kutoa gharama za viwanja, akademi na soka la wanawake. Everton walipovuka kiwango hicho kwa pauni milioni 19.5 katika hesabu zilizoishia msimu wa 2021/22, walikatwa pointi 10 mwezi Novemba 2023, adhabu iliyopunguzwa baada ya rufaa na kubaki pointi 6. Tugawe kiasi hicho kwa miaka mitatu: ni pauni milioni 6.5 kwa mwaka. Lau wadhamini wao wangeongeza kiasi hicho kila mwaka, kosa lote lisingekuwepo, na asingehitajika kuuzwa mchezaji hata mmoja. Sasa tufikirie klabu ambayo mwenye mali anamiliki pia kampuni inayoweza kununua kifua cha jezi. Kwake pengo kama hilo linazibwa kwa mkataba mmoja, na fedha zinazotoka mfuko wake wa kushoto kuingia wa kulia zinaandikwa vitabuni kuwa mapato ya biashara.

Ndiyo maana klabu nyingi zilishtuka Oktoba 2021, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ulipoongoza ununuzi wa Newcastle United. Siku chache baadaye zilipiga kura kusimamisha kwa muda udhamini kutoka kampuni zenye uhusiano na wamiliki, na Desemba mwaka huo zikapitisha kanuni kwamba mikataba ya aina hiyo ipimwe kwanza kama inalingana na thamani halisi ya soko. Kipimo hicho hakikuwa kufuli, kwani mwaka 2023 Newcastle walivaa jina la Sela, kampuni ya mfuko uleule.

Manchester City, ambao mmiliki wao anatoka Abu Dhabi na ambao jezi zao zimebeba jina la shirika la ndege la huko, Etihad, tangu mwaka 2009 na uwanja wao tangu mwaka 2011, waliipinga kanuni hiyo mbele ya jopo la usuluhishi. Jopo lilikubaliana nao kwa sehemu. Lilikubali kwamba kupima mikataba ya wenye uhusiano ni jambo halali, lakini likaona kuwa si haki kuupima udhamini na kuiacha mikopo ya wamiliki isiyo na riba au yenye riba ndogo. Februari 2025 kanuni ya mwanzo ikatamkwa kuwa batili. Kwa hilo nasimama na City bila kusita. Mmiliki wa Brighton aliyeikopesha klabu yake bila riba naye aliipunguzia gharama ambayo mwenzake angelipa benki, hata kama nia yake ni njema, na kipimo kikiwekwa lazima kimguse kila mmoja.

Ninachoshindwa kukubali ni mwendo wa mashauri. Everton walishtakiwa Machi 2023 na kuhukumiwa Novemba mwaka huohuo. City walifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023, yakiwemo yanayohusu taarifa za mapato ya udhamini, na wameyakanusha yote; shauri lao lilianza kusikilizwa Septemba 2024. Najua mashtaka yao ni mengi na ya miaka mingi. Hata hivyo, shabiki wa Everton aliyeishi kwa hofu ya kushuka daraja hawezi kuridhishwa na maelezo hayo, na hata City wenyewe, kama hawana hatia, wanaumizwa na kusubiri huku.

Sisi Afrika Mashariki tuna haki ya kusema katika hili. SportPesa, kampuni iliyokulia Kenya, ilinunua kifua cha jezi ya Everton mwaka 2017, na Julai mwaka huo Everton wakaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Kampuni ile ilijua tunaitazama ligi hiyo kila wikiendi. Thamani ya soko inayobishaniwa London inatokana pia na macho yetu.

Kwa kuwa Uingereza imetunga sheria mwaka 2025 ya kuunda msimamizi huru wa soka, ningependa tathmini ya mikataba ya wenye uhusiano ihamishiwe kwake kutoka mikononi mwa ligi ambayo kanuni zake hupigiwa kura na klabu zinazoshindana. Thamani ya kila mkataba wa aina hiyo, pamoja na kila mkopo wa mmiliki, itangazwe hadharani kabla dirisha la usajili la kiangazi halijafunguliwa. Nanyi, Mhariri, mtuchapishie takwimu hizo pindi zitakapotangazwa.

Msomaji wenu,
Tanga