Mpini wa Rivolva ya Stenlesi: Leta Mkono Kwanza, Mbao Baadaye

Ujumbe unaoingia mara nyingi zaidi kwenye simu ya karakana yangu huwa ni picha. Rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, imelazwa juu ya taulo, inang'aa kama sinia la harusini, na chini yake maneno machache: "Fundi, nataka mpingo. Bei gani?"

Bei nitaitaja huko chini. Ila kabla ya bei huwa nauliza swali linalowashangaza wengi: na picha ya mkono wako iko wapi?

Kwa wasionifahamu, nachonga mipini ya visu na ya bastola hapa Houston. Mpingo niliujua utotoni Newala, kwa wazee waliokuwa wakichonga vinyago kivulini, sisi watoto tukigombania vipande vilivyoanguka. Wateja wangu wengi ni Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hapa Texas, na karibu kila mmoja anakuja akiwa ameshachagua rangi. Rangi ndilo jambo la mwisho, jamani. Nimeandika haya ili tusirudie mazungumzo yaleyale kila Jumamosi.

Tuanze na chuma chenyewe. Mwaka 1965 Smith & Wesson walitoa Model 60, rivolva ndogo ya risasi tano, ya kwanza kuuzwa ikiwa ya stenlesi. Kabla yake ulikuwa na chuma kilichotiwa rangi ya buluu iliyokoza au kilichopakwa nikeli, na vyote viwili jasho linavifahamu. Bastola inayokaa kiunoni chini ya shati mwezi wa Agosti hapa Houston, au wakati wa joto kule Tanga, inaoga jasho kutwa. Ndiyo maana watu waliipenda stenlesi, na wanaipenda hadi leo.

Lakini stenlesi inachelewa kushika kutu, haikatai kabisa. Na ndani ya mpini kuna springi inayoisukuma nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke. Mara nyingi hiyo ni chuma cha kawaida. Kwenye rivolva ndogo za Smith & Wesson imejikunja kama ya kalamu, kwenye zile kubwa ni bapa na ndefu. Nimeshafungua mipini ya mpira ambayo haijawahi kuguswa tangu dukani, nje chuma kinameta, ndani kuna unga wa rangi ya ugoro. Mpini wowote utakaochagua, ufungue mara mbili tatu kwa mwaka, ufute, upake mafuta kidogo kwa kitambaa.

Sasa mkono. Shika rivolva isiyo na risasi (fungua silinda, hesabu matundu kwa macho, kisha hesabu tena kwa kidole) uielekeze mahali salama. Mgongo wa bastola ukae katikati ya lile bonde kati ya kidole gumba na cha shahada, mtutu ukiwa umenyooka na mfupa wa mkono wako. Bila kuusogeza mkono, angalia kidole cha shahada kinafika wapi kwenye kifyatulio. Ukivuta bila kukoka nyundo, mvuto wa rivolva ni mrefu na mzito, kwa hiyo kifyatulio kinatakiwa kikae kati ya nyama ya ncha ya kidole na kifundo cha kwanza. Kidole kikigusa kwa ncha kabisa, karibu na ukucha, utajikuta unauzungusha mkono ili ufike, na mtutu unaelekea upande. Kidole kikiingia hadi kifundo cha pili, mpini ni mwembamba mno kwako.

Hapo ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Kuna mipini inayouacha wazi mgongo wa fremu (chuma cha mwili wa bastola), chuma kinagusa kiganja moja kwa moja, na kuna inayoufunika. Unaofunika unapunguza teke la bastola inaporudi nyuma, hasa kwa risasi kali kama .357 Magnum. Lakini milimita chache zile za mpira au mbao zinakisogeza kiganja mbali na kifyatulio. Mwenye mkono mkubwa hata hatazihisi. Mwenye mkono mdogo zitamharibia kila kitu, na yeye ndiye anayeuziwa mpini mnene kuliko wote kwa sababu muuzaji alimhurumia na lile teke.

Mama mmoja kutoka Goma, anafanya kazi usiku hospitalini, alinijia na rivolva ya risasi tano yenye mipini ya mbao ya zamani, myembamba, mizuri kwa kweli. Akanionyesha kidole cha kati kimevimba juu ya kifundo. "Papa, hii kitu inaniuma sana ku kidole." Alikuwa anafikiri chuma ni kibovu. Chuma hakikuwa na kosa. Angalia rivolva yoyote ya zamani kwa ubavu: nyuma ya ile pete inayozunguka kifyatulio kuna pengo. Kidole cha kati kinapanda na kujibanza pale. Risasi ikitoka, bastola inarudi nyuma na kujizungusha mkononi, pete inakipiga kidole palepale kila mara. Wamarekani walilijua tatizo hili zamani, ndiyo maana kuna vijazio vidogo vya aluminiamu vinavyobanwa mbele ya mpini, maarufu kwa jina la Tyler T-Grip. Kwa mama yule nilichonga mpini mpya unaoliziba pengo kwa mbele na kuuacha mgongo wazi, kwa kuwa vidole vyake ni vifupi. Mbao ilikuwa walnati, ya kawaida tu. Aliporudi aliniletea sambusa, na hakuizungumzia rangi hata kidogo.

Kwa hiyo ukinitumia picha, nitumie ya ubavu nilione pengo.

Kitu kingine ambacho macho hayakioni dukani ni ubavu wa kushoto. Silinda ya rivolva hufungukia huko. Ukisukuma maganda yatoke, yanashuka karibu kabisa na sehemu ya juu ya mpini. Kama mbao haikupunguzwa pale, ganda moja litakwama kati ya silinda na mpini, na kifaa cha kupakia risasi zote kwa mpigo hakitaingia sawasawa. Nimeona mipini ya bei ghali, iliyokatwa nakshi mpaka inatia wivu, lakini ubavu wa kushoto umejaa kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mpini wa aina hiyo ni wa kabatini.

Halafu kuna yale mabonde ya vidole mbele ya mpini. Wengi wanayaomba. Mimi nayachonga kwa shingo upande, na nitakwambia kwa nini: yamekatwa kwa vidole vya mtu fulani ambaye si wewe. Hata nikiyakata kwa kipimo chako, ukiitoa bastola kwenye ala kwa haraka mkono unaweza kutua nusu sentimita chini, na vidole vikakaa juu ya matuta. Mbele laini yenye mbinuko mdogo inausamehe mkono. Kama bado unayataka, nitayakata, pesa ni yako.

Mbao au mpira? Nitasema kinyume na biashara yangu: kama unakwenda kulenga shabaha kila wiki kwa risasi kali, nunua mpira. Pachmayr na Hogue wanatengeneza mizuri, bei yake ni ndogo kuliko yangu, na haijali mvua. Ule wa Hogue wa kipande kimoja unavishwa kutoka chini na kufungwa kwa skrubu moja, haulegei ovyo. Kasoro ya mpira ni kwamba unang'ang'ania nguo. Ukiwa umevaa shati juu, kitambaa kinagandia mpini na kupanda nao, kila mtu dukani anajua una nini kiunoni. Mbao laini inateleza chini ya nguo bila fujo. Wateja wangu kadhaa wana mipini miwili, wa mpira kwa kulenga shabaha na wa mbao kwa siku zote.

Kwa mbao, tuseme wazi habari za mpingo, maana ndio mnaoulilia. Ni mti wa taifa wa Tanzania, na ubao wake mkavu ukiutupa majini unazama. Ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra huko Ulaya, kwa sababu haunywi maji wala haubadiliki umbo kirahisi. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoufaa mpini: jasho haliingii. Hauhitaji vanishi, nausugua kwa msasa laini mpaka ung'ae wenyewe, kisha nta kidogo. Weusi wake kando ya stenlesi iliyosuguliwa bila kung'arishwa unapendeza kuliko kitu chochote ninachokitengeneza.

Lakini una tabia zake. Ukitoboa kwa pupa unapasuka. Kingo nyembamba zinamomonyoka bastola ikidondoka sakafuni. Ukiwa laini kabisa na mkono umelowa, unateleza kama kambare. Kwa rivolva ya kubebwa napendekeza chale za msalaba pande zote mbili, zisiwe kali sana, zikune kidogo tu. Na kwa kuwa jamii ya mpingo imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, nanunua kwa muuzaji mwenye karatasi. Ndugu akikuletea gogo kwenye begi kutoka Lindi, usiniletee.

Walnati ni nyepesi, haina makuu, inakubali chale vizuri, na mkono ukiizoea inazidi kuwa nzuri. Ukiniachia nichague bila kukuona, nitachagua hiyo. Mbao nyekundu za jamii ya rozwudi zinapendeza kwenye stenlesi iliyong'arishwa kama kioo, ila baadhi yake, hasa kokobolo, zina mafuta yanayowawasha watu wenye ngozi nyepesi. Nami mwenyewe vumbi lake linanikohoza, kwa hiyo natoza zaidi kidogo.

Pembe ya ndovu, hapana. Najua mmeziona picha za Jenerali Patton, yule Mmarekani wa Vita Kuu ya Pili, na mipini yake myeupe, na kweli ile ilikuwa pembe. Lakini tangu 2016 Marekani imefunga karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika, na hata isingefunga, nisingeigusa. Mfupa wa ng'ombe uliopaushwa vizuri unakupa weupe uleule. Lulu ya kombe inavutia kwenye kioo cha duka, mkononi ni baridi, inateleza, na ikianguka inavunjika.

Upande wa kuoana na bastola yenyewe hauna maneno mengi, ila ndiko watu wanakopoteza pesa kwa kununua mtandaoni bila kuuliza. Nikisema shina, nina maana ile sehemu ya fremu inayoingia ndani ya mpini. Kwa Smith & Wesson, fremu ndogo inaitwa J na ina mipini yake; K na L wanavaa mpini mmoja, kwa hiyo wa Model 686, ambayo ni L, unaingia kwenye nyingi za K. Ila mpini wa shina lenye kitako cha mraba na wa lile lenye kitako cha mviringo haibadilishani, na bastola za zamani ziko za aina zote mbili. Ruger GP100 na SP101 hazina shina la kawaida, zina kigingi kifupi tu, na hiyo ni raha kwa mchongaji, kwani naweza kukupa umbo lolote. Taurus zinafanana kwa mbali na Smith & Wesson, watu wanabahatisha, halafu wananiletea mpini uliobaki wazi pembeni niuzibe. Siuzibi.

Kuagiza ni hivi. Toa risasi, ziweke chumba kingine. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfuo wa skrubu, maana ya kubahatisha itateleza na kukwangua chuma. Legeza skrubu mizunguko michache tu, usiitoe, kisha igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: upande wa pili wa mpini utajisukuma wenyewe. Usiutie ncha ya bisibisi pembeni kuubandua, ndivyo mipini mingi mizuri inavyomegeka. Ukishaufungua, laza bastola kwenye karatasi, chora shina kwa penseli iliyosimama wima. Andika namba ya modeli; kwenye Smith & Wesson nyingi iko ndani, utaiona ukifungua silinda. Ongeza picha ya mkono wako umeulaza juu ya karatasi yenye rula, na ile ya ubavu niliyoitaja. Bastola yenyewe usinitumie kwa njia yoyote ile. Nina fremu za kufanyia kazi zisizofyatua, zinanitosha.

Walnati naanzia dola 120, mpingo 190, mfupa 210, chale ni 40 juu yake. Kazi inachukua wiki tano, na kabla ya Krismasi wiki nane. Mpini ukifika usipokaa sawa, urudishe ndani ya siku 30 niurekebishe bila malipo. Ukiwa umeupitisha msasa wewe mwenyewe kwanza, hapo tutaongea bei upya.