Kwa Wazazi na Walezi: Tunafunga Skuli, na Kuna la Daftari

Assalaam aleikum wazee wangu,

Skuli yetu ya muziki tunaifunga Alkhamis, tunafungua baada ya wiki tatu siku ya Jumatatu, saa tisa na nusu kama kawaida, watoto wakishatoka skuli zao za asubuhi na wakishakula. Hilo limekwisha.

Sasa ya onyesho letu la Jumamosi, maana waliokuja wameona na wasiokuja wamejikosesha wenyewe. Watoto wa daraja la pili, wengine mwaka hawajatimiza na hicho chombo mkononi, wamepiga bashraf nzima, ule muziki wa vyombo vitupu bila ya kuimba, fidla sita, udi mbili, kanuni ile ya nyuzi nyingi, akodian na ngoma ya dumbak, na kufika katikati umeme huo ukakatika. Kiza totoro. Mie nimesimama pembeni moyo unanidunda nasema basi, ndo ishaharibika hii, mwalimu hawamuoni, karatasi hawazioni. Wallahi hakuacha hata mmoja! Yule wa dumbak, mnamjua, yule mdogo akikaa kitini miguu haifiki chini, kaushikilia mdundo vile vile, hakukimbia hakulegea, fidla zikamfuata, na mpaka nyie mnatafuta tochi za simu wao washaingia khana ya tatu, yaani kipande cha tatu cha bashraf. Kuna bibi nyuma yangu kapiga vigelegele kabla taa hazijarudi. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, ile siku nimetoka nje nikajifuta macho nikasingizia vumbi.

Halafu mlangoni mzazi mmoja ananambia, "Mwalimu hawa wana vipaji, wangu hana." Nikachukia kidogo, nisiwafiche. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, katoka Fumba akitembeza vyungu, na sauti anayo, lakini alipoingia mjini alikaa akafundishwa kwanza, akasikiliza, akakariri, ndo 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Na huyo wa dumbak mama yake anasema kila siku akirudi chuo cha Kurani magharibi anaigonga meza ya jikoni robo saa, babu yake keshatishia kuiuza meza. Kipaji chenyewe ndo hicho.

Nyie nyote watoto wenu wanasoma chuoni. Hivi kuna maalim anayemwambia mtoto kaa tu wiki nzima, Alkhamis usiku hifadhi juzuu zima? Aya tatu leo, kesho tatu mpya na zile za jana anazirudia. Na sisi ndo hivyo hivyo. Robo saa kila siku inashinda masaa mawili ya Ijumaa usiku kwa sababu kesho Jumamosi kuna mwalimu. Na asipige wimbo mzima kila siku kuanzia mwanzo, hii ndo tabu yao kubwa, mtoto anaanza vizuri, anafika pale pale palipomkwamisha jana, anakwama, anarudi mwanzo, basi mwanzo kaupiga mara ishirini na pale pagumu kapakosea mara ishirini, na kidole hakijui kosa, kinakariri kile unachokirudia. Achukue zile noti nne zinazomsumbua peke yake, azipige pole pole, nasema pole pole mpaka wewe mzazi usinzie, zikitoka safi mara tatu mfululizo ndo aongeze mwendo. Wewe huna haja ya kujua rast wala bayati, hizo skeli zetu. Muulize tu, leo unakwama wapi, nipigie hapo. Na chombo kiwe pahala anapokiona, kisifungiwe juu ya kabati, ila kisiwe juani, na gari ni jua pia, kuna fidla moja imerudi kwangu gundi imeachia baada ya siku moja ya pwani.

Sasa lililoniudhi.

Mwanzo wa muhula tuligawa madaftari, mtoto aandike leo kapiga nini, dakika ngapi, mzazi asaini. Wiki ya saba nikayakusanya. Jamani! Daftari moja saini saba, kalamu moja, mlalo mmoja, dakika 30 mara saba. Jingine, Jumatano mtoto alikuwa hospitali na homa, mama yake mwenyewe alinipigia simu, daftari linasema kapiga skeli ya rast dakika arubaini, sijui alipigia kwenye dripu. Na kuna moja nimelipokea Jumanne limeshasainiwa mpaka Jumapili, yaani mzazi ameshajua mtoto atakachopiga siku ambayo haijafika, huyo angetusaidia na umeme. Mnacheka, mie sikucheka. Unapozisaini saini saba kwa mkupuo mtoto kakaa hapo hapo ubavuni kwako anakutazama. Mie sikuomba 30. Akipiga dakika tano andika tano, asipopiga acha patupu, mwalimu akiona Jumatatu na Jumanne patupu anajua pa kumshika. Ukijaza uongo mwalimu anampa mtoto kipande kigumu zaidi, mtoto hakiwezi, analia darasani, halafu mnakuja kunambia mwalimu mkali. Muhula ujao nikiona saini za mkupuo nalirudisha daftari na mzazi anakuja kulichukua mwenyewe ofisini kwangu.

Utoro, harusi moja haichukui wiki mbili.

Ada. Watoto 46, waliomaliza 29. Nyie 17 mnajijua, sitaji mtu, na nimenyamaza tangu wiki ya pili. Kanuni ile ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, na hewa yetu hii ya chumvi inazila, uzi ukikatika tunanunua, fundi akija tunamlipa, hakuna atupae bure. Mwenye shida aje tuzungumze, wangapi wamekuja tukapangiana kidogo kidogo na hakuna aliyejua? Anayeniudhi ni yule anayenambia "kesho inshaallah Mwalimu" tangu muhula uliopita, na Jumamosi kakaa mstari wa mbele anarekodi video.

Vyombo vya kuazima likizo vinatolewa Ijumaa asubuhi, saa mbili mpaka saa nne. Uje wewe mzazi, usimtume kaka mtu, na uje na daftari. Upinde wa fidla ulegezwe kila akimaliza kupiga.

Wassalaam,
Mwalimu Mkuu

N.B. Kuna kandambili tatu zimebaki ukumbini tangu Jumamosi, na zote za mguu wa kushoto. Zipo kwa mlinzi.