Mabadiliko ya saa: kikao cha Jumamosi kuhusu wafanyakazi wa China

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kikao chetu cha kusoma kimesogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumamosi hii, palepale katika ukumbi mdogo wa maktaba, kwa kuwa asubuhi ukumbi utakuwa na shughuli nyingine.

Tutajadili utafiti wa mwanasosholojia Ching Kwan Lee, aliyelinganisha maandamano ya wafanyakazi katika majimbo mawili ya China: Liaoning, ambako watu walioachishwa kazi katika viwanda vya serikali walifunga barabara wakidai pensheni na malimbikizo ya mishahara, na Guangdong, ambako vijana waliotoka vijijini walitangulia kupeleka malalamiko yao kwenye ofisi za kazi kwa kutumia Sheria ya Kazi ya 1994, wakaingia mitaani walipokosa haki huko. Naomba tuisome kwa makini zaidi sehemu ya Guangdong, kwani kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito mkubwa. Baadaye Lee alichunguza migodi ya shaba ya Zambia, ukiwemo wa kampuni ya serikali ya China, na hapo mjadala unatugusa Waafrika moja kwa moja.

1. Mchango ni shilingi 3,000 kwa kila mmoja, za nakala na chai, utumwe kwa mweka hazina.
2. Tunahitaji wawili wa kufungua mjadala, mmoja kwa kila jimbo.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, hata kama hutaweza kufika, ili nakala zitoshe. Asanteni sana.